Zamu ya Kiu

Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua dawa, muuguzi alinivuta kando akaniambia nisiogope nikiona mkojo mwekundu.

"Ile dawa iko nyekundu, inaingia nyekundu, inatoka nyekundu," alisema. "Siku moja, siku moja na nusu. Ni normal. Usikuje kutupigia makelele."

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mara mbili tayari, maana huu ulikuwa mzunguko wa tatu. Hata hivyo niliitikia. Ndani ya chumba, Yaya alikuwa ameshanyoosha mkono wake wa kushoto juu ya shuka, akiutazama kama mkono wa mtu mwingine.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Tangu mama yetu afariki, yeye ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenisomesha Lubumbashi hadi nikapata shahada ya kemia, kwa samaki wakavu aliokuwa akiwatoa ziwa la Tshangalele na kuwauza sokoni Likasi. Uvimbe ulipotokea shingoni alisema ni mizigo. Ulipofikia ukubwa wa yai alisema bado ni mizigo. Nilimburuta kwa daktari, wakakata kipande, wakakipeleka mbali, na jibu liliporudi daktari alimwambia Yaya akae chini kwanza. Yaya alikaa. Tangu siku ile sijapenda kuona mtu akiambiwa akae chini.

Baada ya mizunguko miwili yai lilikuwa limekuwa punje ya haragwe. Daktari aliligusa kwa vidole viwili, akatabasamu kidogo, halafu akaonya kwamba sasa ndipo tusisimame. Mizunguko ilikuwa sita, kila mmoja baada ya wiki tatu. Tukichelewesha mmoja, punje itakumbuka ilivyokuwa.

Hospitalini kwetu mgonjwa hakai peke yake. Kila kitanda kina mlinzi wake, ndugu anayelala chini kwenye mkeka, anapika kwenye mbabula, jiko la makaa, nje uani, anafua, anakwenda kutafuta dawa, anawaita wauguzi. Mimi ndiye nilikuwa mlinzi wa Yaya, na kazi yangu kubwa ilikuwa maji. Daktari alinieleza kwamba pamoja na ile dawa nyekundu kulikuwa na nyingine isiyo na rangi, na hiyo ndiyo mbaya kwa kibofu. Ikituama ndani, inachoma. Dawa ya kuizuia haikupatikana mjini kwetu, kwa hiyo kinga yetu ilikuwa moja: maji mengi, lita tatu kwa siku, yaingie na yatoke.

Kazi hiyo ilinifaa. Sikuwa na imani na mengi pale wodini. Sikuamini mafuta yaliyobarikiwa ambayo watu walimpaka Yaya kwenye paji la uso. Sikumwamini mganga wa majani aliyetupigia simu kutoka upande wa Koni bila sisi kumtafuta, na wakati mwingine sikumwamini hata daktari, nikamuuliza maswali mpaka akawa ananikwepa ukumbini. Lakini lita ni lita. Nilinunua jagi lenye alama pembeni na daftari la shule, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Upande mmoja niliandika yaliyoingia, upande wa pili yaliyotoka.

Yaya alicheka alipoona daftari. "Mudogo yangu, nilikutuma kwa kusoma, na sasa unaandika mikojo."

"Mikojo nayo iko kemia," nilimjibu.

"Basi andika muzuri. Usiniibie hata kikombe moja."

Jumatatu ilipita vizuri. Serumu, maji ya mshipani, ilitiririka mchana kutwa, mkojo ukawa mwekundu kama tulivyoambiwa. Jumanne asubuhi mshipa ulivimba, muuguzi akaondoa sindano, na daktari akasema hakuna neno, anywe kwa mdomo. Nikajaza jagi, nikaweka kikombe kwenye kimeza kilicho kati ya kitanda na dirisha.

Sasa nieleze juu ya mnyororo.

Kanisani kwa Yaya kuna kikundi cha akina mama wa maombi. Mtu wao akiugua, wanamfungia. Kila mmoja anachukua siku tatu, bila kula na bila kunywa, akimaliza anampokeza mwenzake, na mnyororo haukatiki mpaka mgonjwa arudi nyumbani. Kwa Yaya walianza Jumamosi, siku tulipolazwa. Nilikuwa nimebishana naye juu ya jambo hilo tangu mzunguko wa kwanza. Nilimuuliza kiu ya mwanamke mmoja kule sokoni inafanya nini ndani ya damu ya mwanamke mwingine huku. Yaya alikuwa na tabia ya kuniacha niseme mpaka niishiwe, kama mtu anayengoja mvua ipite.

Jumanne adhuhuri nilirudi kutoka uani na uji, nikakuta kikombe kitupu. Nikaandika. Nikajaza. Nilipotoka kuosha sufuria na kurudi, kilikuwa kitupu tena. Nikaandika. Yaya alikuwa amelala ubavu akielekea dirishani, midomo imemkauka, lakini midomo ilikuwa imemkauka tangu mzunguko wa kwanza. Uji hakuugusa. Alisema tumbo linakataa, na tumbo lilikuwa na haki ya kukataa, mara zote mbili zilizopita lilikataa siku ya pili.

Jioni nilijumlisha. Yameingia lita mbili na nusu. Yametoka chini ya nusu lita.

Nilikaa na ukurasa ule. Nakumbuka vizuri kwamba nilikaa nao, kwa sababu hilo ndilo linalonirudia sana. Niliona kwamba hesabu hazikubaliani. Halafu nikaanza kuitafutia sababu. Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua zilikuwa hazijafika, mabati ya wodi yalikuwa yakilia kwa joto. Nikasema ni jasho. Nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: jasho. Na mkojo uleule mdogo ulikuwa bado mwekundu, mzito zaidi kuliko wa jana. Nikasema siku moja na nusu haijaisha.

Jumatano asubuhi nilikuwa uani nikiwasha mbabula. Chini ya madirisha ya wodi kuna kitalu chembamba cha lengalenga, mchicha wa kwetu, kilichopandwa na mlinzi fulani ambaye mgonjwa wake alitoka zamani, au hakutoka. Kwa kiangazi kile majani yalikuwa yamelala chini kama matambara. Mwanamke mmoja wa Kapolowe, mkulima, aliyekuwa akimlinda mama yake kitanda cha jirani yetu, alinionyesha kwa mwiko.

"Angaria ile kipande," alisema. "Yote inakufwa, lakini ile ya chini ya dirisha yenu imesimama. Inasikia maombi."

"Ni kivuli," nilimwambia.

"Kivuli ya nini? Jua iko palepale."

Tukacheka. Nilikwenda nikachuma majani yale yaliyosimama, mkono mzima, udongo ukiwa na unyevu vidoleni mwangu, nikayapika na kipande cha samaki ili nimjaribishe Yaya. Nilikuwa na majibu mikononi mwangu, nikayakatakata, nikayatia chumvi.

Yaya hakuyala. Alikuwa amegeuka rangi. Nilipompeleka msalani, hatua sita tu kutoka mlangoni, alishika ukuta na kukunja magoti, na kilichotoka hakikuwa maji mekundu. Kilikuwa giza, kama maji yaliyooshewa nyama, na ndani yake kulikuwa na vipande vidogo vilivyozama polepole hadi chini ya chombo. Alilia bila sauti. Yaya hakulia hata siku alipoambiwa akae chini.

Nilikwenda kwa muuguzi. Aliangalia chombo, hakusema ni normal. Alikiweka chini taratibu akaenda kumwita daktari, akitembea haraka bila kukimbia. Nimejifunza kuogopa mwendo huo kuliko makelele yoyote.

Daktari aliomba daftari. Alisoma ukurasa wa Jumanne, akasoma neno langu jekundu, akaniangalia.

"Nani aliona akikunywa?"

"Ni minye naweka kikombe."

"Sikuulize nani anaweka. Nani aliona akikunywa?"

Nilikuwa nimeona vikombe. Nilikuwa nimeona vikombe vitupu kumi na zaidi, nikaviandika kimoja kimoja kwa mwandiko safi. Niligeuka nikatazama dirisha, kimeza, kitanda, na umbali kati yao, ambao ulikuwa urefu wa mkono wa Yaya, nikakumbuka udongo wenye unyevu chini ya dirisha.

"Yaya," nilisema.

Alifumba macho. "Mutu wa zamu ya Jumanne alizaa," alisema. "Alizaa mbele ya siku yake. Hakukuwa mutu ingine."

Aliyeelewa kwanza alikuwa muuguzi, kwa sababu na yeye ana kanisa lake. Alijishika kiuno. "Mama," alimwambia Yaya, taratibu kabisa, "weye ulijifungia weye mwenyewe?"

"Mnyororo ulikuwa unakatika."

Daktari aliamuru mambo mawili kwa pamoja: mpira wa kibofu, na serumu mpya. Mpira uliingia, kwa shida, na mfuko ukaanza kupokea ile rangi ya giza. Serumu haikuingia. Walijaribu mkono wa kulia, kiwiko, kifundo cha mguu. Mishipa ilikuwa imejificha kwa kukosa maji, kila waliougusa ulipasuka na kuacha alama ya bluu. Baada ya mara ya saba daktari alijifuta paji la uso akaniita pembeni.

Alisema hivi, kwa Kifaransa, polepole, kama anayenisomea. Damu ikiganda ndani itaziba njia, na hapo tutahitaji kumpeleka Lubumbashi, kwa barabara ile na hali ile. Damu isipokoma, hakuna mzunguko wa nne. Pasipo mzunguko wa nne, najua mwenyewe. Anywe, kikombe kila nusu saa, kuanzia sasa, usiku kucha na kesho kutwa. Mishipa ikirudi tutamwekea serumu. Lakini kwanza anywe.

Nilijaza kikombe nikampelekea. Aligeuza uso.

"Zamu inaisha kesho saa kumi na mbili ya jioni," alisema.

"Kesho jioni haiko sana mbali kwa weye? Yaya, uko unatoka damu."

"Nilipana neno yangu."

"Kwa nani? Nani alikuomba?"

"Bale bamama banaacha kukunywa juu ya minye. Mumoja iko na mutoto ya kunyonyesha, mwengine anabeba mufuko ya sima ku kichwa mu jua hii. Banakaa na kiu juu yangu, na minye nalala hapa nakunywa lita tatu? Weye ungeweza?"

Ningeweza. Ningekunywa zote tatu nikaomba ya nne. Lakini Yaya hajawahi kukubali mtu ambebee kikapu hata hatua kumi, na nilipaswa kulijua hilo kabla ya kupiga mstari katikati ya daftari.

Saa tisa, wakati wa kutembelea wagonjwa, kiongozi wa mnyororo alikuja. Ni mwanamke mnene, muuza vitenge, mwenye sauti ya kusikika upande wa pili wa soko. Nilimsubiri mlangoni na maneno makali niliyokuwa nimeyapanga. Nilimwambia waziwazi kwamba maombi yao yanamuua dada yangu.

Hakunijibu kwa ukali. Alitoa simu kwenye kitambaa cha kichwa, akaitafuta, akanionyesha ujumbe wa Jumatatu kutoka kwa Yaya: Usijali kwa zamu ya kesho, nimepata mutu.

"Sikumuuliza ni nani," alisema. "Nilifurahi tu. Minye nilifurahi, mutoto yangu, nikalala."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, na kitanda kikashuka. Alimwambia Yaya kwamba Mungu haombi mgonjwa afunge, kwamba kikundi kinamfungua, kwamba neno lake limerudishwa. Yaya alisikiliza kwa heshima. Kisha akauliza nani basi atashika hadi kesho jioni. Kiongozi akasema atashika yeye. Yaya akatikisa kichwa: yule mama ana sukari, na ndiye aliyeshika zamu ya kwanza, alimaliza juzi tu. Ataanguka njiani.

"Basi iachwe ikatike," nilisema. "Ikatike. Itafanya nini?"

Wote wawili walinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona walivyofanana. Hakuna aliyenikasirikia. Walinitazama kama watu wanavyomtazama mgeni aliyeingia na viatu.

Tone lilidondoka kwenye mfuko. Yaya alipata maumivu, akayangoja yapite, kisha akaninyooshea kidole, si juu sana, kama anayechagua samaki kwenye fungu.

"Weye," alisema.

"Minye siamini."

"Nani amekuuliza kama unaamini? Ni kiu tunatafuta. Yako nayo ni kiu."

Kiongozi wa mnyororo alikohoa, nadhani alikuwa anaficha kicheko, katikati ya yote yale. "Anasema kweli," alisema. "Shiye hatupimake imani. Hatuna jagi."

Nilitazama mfuko. Nilimtazama daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni na faili yake, akijifanya anasoma. Niliweka kikombe mkononi mwa Yaya nikasema sawa, nimeshika. Yule mama aliangalia saa, akaniambia ni saa tisa na dakika ishirini, akaweka kiganja chake kichwani pangu kwa muda mfupi sana, kizito na chenye joto. Sikusikia kitu chochote. Yaya alikunywa.

Safari hii nilitazama. Nilitazama midomo, nilitazama koo likipanda na kushuka. Kikombe baada ya kikombe niliandika, na niliandika tu kile nilichokiona kikipita. Naye alinitazama mimi, kwa macho yaleyale. Kila mlinzi mwingine alipoleta maji au chai, Yaya aliangalia mikono yangu. Tulikuwa polisi wawili, kila mmoja na mfungwa wake.

Alhamisi joto lilianza mapema. Kufikia saa tano ulimi wangu ulikuwa kitu kigeni kinywani, na kumimina maji kutoka jagini kulikuwa na sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla. Mwanamke wa Kapolowe alipita na bukari yake, yaani ugali, akaniona. "Ee, na weye kemia?" alisema, akacheka, kisha akakifunika chakula chake kwa sahani nyingine alipopita mbele yangu.

Saa saba Yaya alisinzia. Nilikwenda ukumbini kunawa. Bomba lile hutoa maji siku chache tu, na siku ile lilitoa, kwa nguvu, maji baridi. Hapakuwa na mtu. Nilijaza viganja viwili nikavileta karibu na uso. Nilijua kila hoja: kwamba hakuna anayehesabu, kwamba kinachohitajika ni Yaya kuamini tu, kwamba tone kwangu halitabadilisha tone kwake. Hoja zote zilikuwa sahihi, na bado nazikubali zote. Nilifungua viganja maji yakaanguka. Hadi leo sijui kwa nini. Jibu lililo karibu zaidi ni hili: nilikuwa nimeona mtu akinionyesha kikombe kitupu, na sikutaka kumwonyesha mwingine.

Alasiri mishipa ilirudi, muuguzi akapata mmoja mgongoni mwa mkono, serumu ikaingia. Rangi ya mfukoni ilipungua taratibu, kutoka maji ya nyama hadi chai, kutoka chai hadi rangi ya waridi iliyopauka. Saa kumi na mbili kamili Yaya alinipa kikombe chake mwenyewe, kilichojaa.

"Kunywa," alisema. "Na niione."

Nilikunywa mbele yake. Kesho yake daktari alisema damu imepungua, hakusema imekoma. Alisogeza mzunguko wa nne mbele kwa siku kumi ili kibofu kipumzike. Nilimuuliza punje itafanya nini katika siku hizo kumi. Alisema tutaona. Alikuwa mtu aliyekuwa akinijibu kwa aya nzima, na sasa alinijibu kwa neno moja.

Wiki tatu zimeisha, na zile siku kumi pia. Tunarudi hospitalini Jumatatu. Jana kiongozi wa mnyororo alipita nyumbani na orodha, akaniomba niisome kwa sauti, mbele ya Yaya, kila zamu na mtu wake, na nimpigie kila mmoja simu kuhakikisha. Nilifanya hivyo. Nafasi ya mwisho ilikuwa wazi. Niliandika jina langu.

Jambo moja sijamwambia mtu. Majuzi, Yaya akiwa amelala mchana, niligusa shingo yake kwa vidole viwili kama daktari anavyofanya. Punje ipo. Sina hakika kama ni ileile. Nimekuwa nikimpa maji hata hapa nyumbani, kikombe kila saa, na ninakaa mbele yake mpaka amalize.

"Uko unaniangaria kama polisi," ananiambia.

"Kunywa, Yaya."

Anakunywa. Natazama maji yakishuka, yakipita pale shingoni, karibu na ile punje, na kila mara naona kama yanachelewa kidogo.